Chumvi ya Jumatatu

Jumatatu ya kwanza

Daftari hili alininunulia mwanangu mwaka juzi, akaniambia, "Mama, andika mapishi yako kabla hujatuacha." Ahsante kwa adabu. Sikuandika pishi hata moja. Mapishi yangu yako kiganjani: namimina tone la mchuzi hapa katikati ya mkono, nalilamba, najua kilichopungua. Hayo hayaandikiki. Kwa hiyo daftari limekaa tupu, na leo ndiyo nimepata cha kuandika.

Karani wa hospitali ametupa tarehe ya upasuaji. Valvu moja ya moyo wa mwanangu haifungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka, na daktari amesema mvua zikiisha watamfungua kifua waweke nyingine. Nilirudi na karatasi ile, nikasimama mbele ya kalenda, nikahesabu Jumatatu kwa kidole. Ni kumi na sita kamili tukianza leo, na ya kumi na sita ndiyo siku yenyewe ya kisu.

Mwingine angesema ni bahati tu. Sisi tunajua Jumatatu kumi na sita ni za nani. Ni za Shiva, na mwanamke akizifunga mfululizo bila kukosea, mumewe huongezewa siku. Hali kitu tangu alfajiri. Jioni anamwaga maji na maziwa juu ya jiwe la Shiva, anasikiliza hadithi, kisha anakula konzi ya unga uliokaangwa kwa samli na sukari guru. Chumvi haigusi ulimi wake siku nzima. Akikosea, anarudi mwanzo.

Nimemwita mkaza mwanangu nikamwonyesha kalenda. Ni mwembamba mno, tangu siku ya arusi namwita Kijiti, naye ameshazoea. Hakuuliza swali hata moja. Alisema, "Sawa, Mama. Naanza leo leo, sijanywa hata chai."

Mimi sifungi kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Vidonge vyangu vinataka chakula tumboni. Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Iko sababu nyingine.

Jumatano

Mvua ya kwanza. Paa la jiko linavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumatatu ya pili

Kazi yetu ni kupikia watu wa ofisini chakula cha mchana. Vyombo sitini vya bati, vile vya ghorofa tatu, chini wali, katikati mboga, juu mchuzi. Mwanangu ndiye aliyekuwa akivipeleka. Sasa amekatazwa kubeba chochote kizito kuliko birika, kwa hiyo anakaa kwenye kigoda mlangoni, anafunga vifuniko na kubandika majina, na dereva wa kukodi anachukua.

Kijiti anapika, mimi naonja. Jumatatu lazima iwe hivyo, maana hata mpishi aliyefunga, mkono wake una mazoea mabaya ya kwenda mdomoni. Nimemwambia, "Ukiwa na shaka na sufuria, niite, hata kama niko chooni." Mwanangu akacheka mpaka akashika kifua. Nilimkemea. Kucheka nako siku hizi kunanitia hofu.

Ijumaa

Mvua. Vitunguu vinaoza. Hakuna jipya.

Jumatatu ya nne

Nimemkuta Kijiti anasukutua mdomo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikamuuliza kama amelamba mchuzi. "Sijalamba, Mama." Nikamwambia afungue kinywa. Akafungua, kama mtoto. Sijui nilitegemea kuona nini mle ndani.

Jumatatu ya tano

Wifi yangu amekuja, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye mumewe yuko hai, kwa hiyo bado ana unga mwekundu kwenye njia ya nywele na bangili hadi kwenye kiwiko. Ukimsikia anakuja unajua ni yeye. Mimi mkono wangu uko mtupu miaka thelathini na mmoja. Alikaa akamtazama Kijiti anavyomenya viazi, akasema, "Vizuri. Safari hii mwanamke wa nyumba hii amalize alichoanza."

Alisema hivyo akimwangalia Kijiti, lakini maneno yalikuwa yangu. Nilimkaribisha chai. Alikunywa vikombe viwili, na mimi nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumamosi

Mwanangu amepanda ngazi nne za mlangoni akapumzika mara mbili. Nilijifanya natafuta ufunguo ili asijue namsubiri.

Jumatatu ya saba

Leo nimesimulia habari za Parvati, jinsi alivyokwenda mlimani kufunga ili ampate Shiva. Kwanza aliacha wali, kisha matunda, kisha akawa anakula majani yaliyoanguka yenyewe, mwisho akaacha hata majani. Kijana mmoja mpita njia akamjia akamwambia, binti, acha, huyo unayemtaka hafai, anajipaka majivu na kulala makaburini. Parvati akamfukuza. Kumbe kijana yule alikuwa Shiva mwenyewe, amejigeuza ili amjaribu.

Mwanangu alikuwa amelala kwenye kiti, au ndivyo tulivyodhani. Akasema bila kufungua macho, "Labda hakuwa anamjaribu, Mama. Labda alimwonea huruma."

"Nyamaza, unaharibu hadithi," nilimwambia.

Akafungua macho. "Moyo ni wangu, njaa ni yake. Hii hesabu mmeifanyaje? Mwambie aache. Tazama shingo yake."

Kabla sijajibu, Kijiti akasema, "Usinikatizie nadhiri." Hakupandisha sauti. Sijawahi kumsikia akimwambia mumewe neno kavu hivyo. Mwanangu akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyesema, na si uongo, maneno yale nilimlisha mimi.

Jumanne

Hawasemeshani. Anabandika majina kwenye vyombo kwa nguvu hadi karatasi zinachanika.

Jumatatu ya nane

Wamepatana. Mvua imepiga tangu asubuhi. Kuni zote zimeloa, tumepikia gesi.

Jumatatu ya tisa

Kijiti ameshikilia ukingo wa meza dakika nzima, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Nilimkalisha. Alasiri nikampeleka zahanati, na nesi aliyempima akaniuliza, "Huyu anakula kweli?" Damu imepungua sana. Amepewa vidonge vya kuongeza damu, na uzito wake ni kilo arobaini na moja na nusu pamoja na viatu.

Njiani nilimwambia, "Siku nyingine zote utakula hadi nikuambie basi." Akasema ndiyo Mama. Anakula, nashuhudia. Chakula kinaingia, sijui kinakwenda wapi.

Niseme na hili, maana daftari halina mdomo. Naogopa, lakini pia namwonea wivu. Mtoto huyu, niliyeona siku ya kwanza kuwa hata ndoo ya maji atashindwa, amefika tisa bila kunung'unika. Mimi nilifika kumi kwa kunung'unika.

Jumatatu ya kumi

Salama. Ameinama kumwaga maji kwenye jiwe na nimemshika kiuno asianguke.

Jumatatu ya kumi na moja

Naandika saa tisa mchana, mlango nimeufunga kwa komeo. Wanadhani nimelala.

Saa nne asubuhi nilikuwa nachambua dengu karibu na dirisha. Kijiti alikuwa kwenye sufuria kubwa ya mchuzi, ana haraka, dereva alikuwa anapiga honi. Akakoroga, akainua upawa, akamimina tone kiganjani, akalilamba. Vyepesi, kama mtu anayejikuna. Kisha mkono ukabaki hapo hapo mdomoni. Akageuza shingo polepole kunitazama.

Niliinamia dengu. Niliokota jiwe ambalo halikuwapo nikalitupa. Baada ya muda nikasikia upawa unagonga sufuria, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, njoo uonje." Nikaenda. Nikaonja. Nikasema, "Ongeza chumvi kidogo."

Ndivyo tulivyoanza kudanganyana, mimi na yeye, juu ya sufuria moja.

Nikisema nimeona, atarudi Jumatatu ya kwanza. Kumi na sita nyingine mwili ule hauzibebi, na kisu hakitamngoja. Kimebaki wiki tano tu. Nikinyamaza, nadhiri imevunjika na mwanangu anaingia hospitali bila kitu cha kumkinga. Nimekaa hapa nasikia mvua na sijui nichague mauti ya nani.

Sasa ile sababu nyingine. Mume wangu alipougua figo nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanangu ana minane. Mavyaa yangu aliniweka kwenye Jumatatu kumi na sita kama nilivyomweka Kijiti. Nilifika ya kumi na moja. Ya kumi na moja, nikiwa jikoni, nililamba mchuzi wenye chumvi, na mavyaa akawa anaingia. Wifi yangu, wakati huo msichana wa miaka kumi na mitano, alikuwa amesimama mlangoni. Mume wangu alikufa Alhamisi ya wiki ile ile.

Wanaume waliporudi kutoka kwenye moto wa maiti yake, mavyaa alizivunja bangili zangu kwenye kizingiti, akanitazama usoni, akasema, "Umemla mumeo." Hakulisema tena hadi alipokufa yeye. Hakukuwa na haja. Sikualikwa arusini, sikugusa kichwa cha bibi arusi wala cha mtoto mchanga. Na niliona ni haki. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Ndiyo maana sikufunga mimi. Nani ampe Mungu Jumatatu kutoka kwenye mkono huu?

Alhamisi

Alhamisi imepita. Mwanangu amekula, ametania, amelala. Nimemhesabu pumzi mchana kutwa. Kijiti naye alikuwa anamhesabu, nilimwona.

Jumatatu ya kumi na mbili

Amekataa maji. Tangu alfajiri hadi jioni hata tone. Nadhiri haidai hivyo, nikamwambia. Akasema, "Nimeona nifanye hivyo, Mama." Najua kwa nini. Naye hajui kwamba najua. Jioni alikula nusu konzi ya unga, sehemu nyingine akampelekea ng'ombe wa jirani.

Jumapili

Analala sakafuni. Mwanangu ameniuliza kama na hilo limo kwenye kalenda yangu. Nikamtuma akanunue sabuni, kisha nikakumbuka ngazi, nikaenda mwenyewe.

Jumatatu ya kumi na tatu

Bila maji tena. Midomo imepasuka. Anapika akiwa amefunga mkono wa kulia kwa kitambaa, kiganja chote. Dereva amemuuliza kama ameungua. Akasema ndiyo.

Nilitaka kukifungua kitambaa kile mbele ya watu wote niseme basi, imetosha. Sikufanya. Nilishikwa na woga ule ule wa zamani, na nimejichukia siku nzima.

Jumatano

Mvua imepungua. Wifi yangu ametuma mtu kuuliza zimebaki ngapi.

Jumatatu ya kumi na nne

Ameanguka. Alikuwa anaepua sufuria ya wali, na ningechelewa kidogo maji ya moto yangemmwagikia miguuni. Nilimvuta kwa nguo. Tukaanguka wote wawili kwenye sakafu yenye unga, mimi chini, yeye juu, na wepesi wake ndio ulionitoa machozi. Nimewahi kubeba magunia ya viazi mazito mara mbili yake.

Akaanza kulia. "Mama, nimemuua. Nililamba. Ile ya kumi na moja, nililamba, nikakuficha. Niliogopa. Nilidhani nikiongeza kiu Mungu atasamehe, lakini hasamehi, naona leo midomo yake ni ya bluu, nimemuua."

Kinywani mwake nilisikia sauti yangu ya miaka ile. Si mfano wa sauti yangu, ni yenyewe, na maneno ni yale yale niliyoyasema peke yangu kwenye sakafu hii hii.

"Nilikuona," nilimwambia.

Akainua kichwa kunitazama.

"Nilikuona, nikainamia dengu. Kwa hiyo kama ni dhambi, tumeipika wote."

Nilimfungua kitambaa. Kiganja kilikuwa kizima. Nikamweleza habari zangu, chumvi yangu, Alhamisi yangu, bangili kwenye kizingiti. Alisikiliza macho yamemtoka, nikaona kosa langu: nilikuwa namthibitishia. Mwanamke alilamba, mume akafa. Angeelewa nini kingine?

Ndipo nikamwambia lile ambalo sijamwambia mtu, na hata juzijuzi nilipokuwa nikiandika humu mlango umefungwa nililiruka.

Mume wangu alikuwa kitandani wiki ya tatu. Siku ile aliinuka. Alikuja jikoni akishika ukuta, akaniona ninavyotetemeka mbele ya sufuria, akachukua upawa, akamimina tone kwenye kiganja chake mwenyewe akakiweka mdomoni kwangu. Akasema, "Onja. Chumvi imepungua." Nikamwambia nimefunga kwa ajili yako. Akasema, "Anayefungiwa ni mimi, na mimi nasema onja." Alikuwa anacheka. Kiganja chake kilikuwa cha moto kwa homa. Nikalamba. Mavyaa alipoingia, mkono ulikuwa umeshashuka, na aliniona mimi tu ninameza.

Sikumwambia mavyaa. Ningesemaje? Mume amlishe mke siku ya nadhiri yake mwenyewe, ingekuwa aibu ya maiti. Afadhali iwe aibu yangu. Nikaificha vizuri mpaka hata mimi nikaanza kukumbuka kiganja kama changu.

Kijiti akaniuliza, "Kwa hiyo alikuwa anakufa tayari?"

"Daktari alikuwa ameshatuambia tumrudishe nyumbani."

"Na ukajilaumu hivyo hivyo."

"Na nikajilaumu hivyo hivyo. Mwanangu, acha sasa. Kula."

Akajipangusa unga usoni. "Siwezi," akasema. "Zimebaki mbili. Nikila sasa na akifa, shangazi yake ataniambia nini?"

Jumanne

Nimemwita "mwanangu" jana. Nimelikumbuka leo wakati nasugua sufuria.

Jumatatu ya kumi na tano

Amefunga. Amekubali maji, hilo tu ndilo nililopata kwake. Amekaa chini badala ya kusimama, nimepika mimi. Niliposimulia hadithi niliifupisha, nikachagua ile ya Shiva alipomeza sumu ili dunia isiangamie, na Parvati akamshika koo isishuke. Huwa naisimulia kama hadithi ya mume. Leo niliona mkono tu, mkono wa mwanamke kooni, na nikajiuliza mimi miezi hii minne nimelishika koo la nani.

Jumapili

Mwanangu amelazwa. Mfuko wake nimeufunga mimi. Mvua imekatika, barabara imeanza kutoa vumbi.

Jumatatu ya kumi na sita

Naandikia kwenye benchi la hospitali, ukumbi wenye madirisha ya juu. Wameshamwingiza. Wamesema itachukua saa tano au sita.

Asubuhi walituruhusu kumwona kabla. Amevaa gauni la kufungwa mgongoni, amenyolewa kifua kama kuku. Kijiti alikuwa amesimama mbali kidogo na kitanda, ameshika ukuta, hajala tangu jana jioni. Mwanangu akamtazama, kisha akamwuliza nesi kwa sauti ya juu, "Dada, mimi nimekula lini mara ya mwisho?"

"Jana saa kumi na mbili jioni. Na usile, nimekuambia."

"Maji?"

"Hata maji."

Akatugeukia. "Mmesikia? Chakula hakuna, maji hakuna, chumvi hakuna. Jumatatu ya kumi na sita naifunga mimi, kwa amri ya daktari. Watu wawili hawafungi siku moja kwa ajili ya moyo mmoja, ni ulafi huo." Kisha akaacha mzaha. Akamwambia mkewe, "Nikitoka humo nataka kukuta mtu, sitaki kukuta kijiti. Tafadhali."

Wakamsukuma kitanda. Gurudumu moja lilikuwa linalia njia nzima hadi kwenye milango.

Tukakaa. Nilikuwa nimekuja na chombo cha ghorofa tatu na upawa, mazoea. Nikakifungua. Mchuzi wa jana, wenye chumvi ya kutosha, nilihakikisha. Kijiti akaona nilichotaka kufanya, akaanza kutikisa kichwa.

"Mama, si leo. Yuko mle ndani. Si leo."

"Ni leo."

"Na akifa?"

"Akifa, nitasimama mbele ya ukoo mzima niseme ni mimi niliyekulisha. Jina la mla-mume nimelibeba miaka thelathini na mmoja, mgongo umeshazoea. Nitaongeza la mla-mwana juu yake. Wewe hawatakupa kitu, sitawaachia nafasi."

Kuliandika ni rahisi. Kulisema, wakati kifua cha mwanangu kiko wazi nyuma ya ukuta ule, ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Mimi bado ni mwamini. Nilimwomba Shiva nikiwa nimeshika upawa, nikamwambia, ukitaka kunipiga, nipige mimi, unanifahamu, tuna historia.

Kisha nikamimina tone kiganjani mwangu, nikampelekea mdomoni. Mkono wa mjane. Watu waliokuwa benchi la pili wakatutazama. Alilia, akalamba. Nikamwambia, "Meza." Akameza. Nikamimina jingine. La tatu alichukua mwenyewe upawa, na baadaye akala wali wote, na mboga, na akakwangua bati kwa kijiko hadi nikaona haya.

Sasa amelala begani kwangu. Saa nne zimepita. Mlango umefunguliwa mara tatu na mara zote alikuwa mtu wa usafi.

Jumanne

Yu hai. Ameamka, amesema ana kiu.

Jumatatu

Sitaihesabu hii ni ya ngapi. Mwanangu ana wiki mbili tangu kisu, leo amekaa sebuleni na mto kifuani, akikohoa anaukumbatia. Majirani wanne walikuja kumpa pole, na wifi yangu na bangili zake na kopo la biskuti.

Alimkumbatia Kijiti mbele ya wote. "Mmeona?" akawaambia. "Jumatatu kumi na sita! Mke akishika, mume anapona. Asiyeshika..." Hapo akainua kikombe.

Zamani ningeondoka kwenda kuangalia jiko. Leo nilibaki nimesimama. "Malizia, wifi," nilisema.

"Nimalizie nini?"

"Asiyeshika. Malizia, tuko nyumbani."

Hakumalizia. Nikamalizia mimi. "Huyu hakushika. Ya kumi na moja alilamba chumvi, nilimwona kwa macho yangu. Ya kumi na sita nilimlisha mwenyewe, kwa mkono huu, mumewe akiwa kwenye kisu. Na mumewe huyo hapo anakumalizia biskuti."

Mwanangu akaacha kutafuna. Majirani wakatazama sakafu, na wala hakuna aliyeondoka, nani angeondoka? Bangili za wifi yangu zilikuwa kimya.

"Na mimi ya kumi na moja nililamba," nikasema. "Ulikuwepo mlangoni. Uliniona?"

"Nilikuona."

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia, siku mbili nzima nikimenya viazi, jinsi nitakavyomweleza habari ya kiganja ambayo hakuna aliyeijua ila mimi na maiti. Nikafungua mdomo. Yeye akawahi.

"Kilikuwa kiganja cha kaka," akasema. Alisema akiangalia kikombe chake. "Nilimwona alivyokuja akishika ukuta. Nilimwona akikulisha. Mama alipokuja alikuta kimeshashuka, akaniuliza, umeona nini? Nikasema, nimemwona amelamba."

"Ulijua."

"Nilikuwa na miaka kumi na mitano, wifi. Ungemwambia mama nini, wewe?"

Miaka thelathini na mmoja. Kila arusi niliyokaa nje, kila mtoto ambaye sikumgusa kichwa, na mtu mmoja alikuwa anajua, anakuja kunywa chai kwangu. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilitaka kumwambia atoke, na nilikuwa na haki.

Lakini swali lake lilikuwa la kweli, na mimi nilikuwa najua jibu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mama wa mtoto, na sikumwambia mama yake kitu. Nikamtazama mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita na unga wake mwekundu, Jumatatu yake ya elfu na sijui ngapi, kwa sababu tangu siku ile, ukoo mzima unajua, hajaacha kufunga hata moja, na leo pia alikuwa amefunga: alileta biskuti asizozila, na chai yake vikombe viwili ilikuwa ya rangi, bila maziwa wala sukari.

Kijiti akatoka jikoni na sufuria ndogo ya mchuzi. Akanitazama, nikamwelewa, nikampa mkono wangu. Akamimina tone kiganjani mwangu. Likanichoma kidogo. Nikanyoosha mkono kuelekea kwa wifi yangu, mbele ya majirani wote wanne, nikaubakiza hapo.

"Onja," nilimwambia. "Uniambie kama chumvi imepungua."